Kumpima Tulia

Moshi, 9 Januari 1995

Dada Ernestina,

Shikamoo. Mwaka Mpya tumeuingia salama, mama Tulia anakusalimu, na mvua zimekatika mapema kuliko tulivyotaka. Habari nyingine nitakuandikia siku nyingine, maana barua hii ina jambo moja tu.

Tulia ananiambia kwamba mwezi wa Mei anataka kuacha chuo, mwaka mmoja kabla ya kumaliza, awe mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Kocha wake, mama mmoja aitwaye Margaret, amemwambia anafaa. Kuna na wakala aliyeahidi kumwingiza kwenye mashindano. Akishatia saini kwa wakala huyo hataruhusiwa tena kuchezea chuo, na ufadhili wa masomo utakoma siku hiyo hiyo. Ukishavuka mlango huo, hakuna kurudi.

Mimi ndiye niliyemshikisha raketi, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule ninayofundisha. Lakini tangu apande ndege kuja huko Marekani sijamwona akicheza. Naijua tenisi yake ya utoto. Hii ya sasa naisikia kwake mwenyewe, na binti hawezi kumpa baba yake hukumu ya haki juu ya nafsi yake. Wewe uko naye mji mmoja. Tena ulikuwa bingwa wa Kilimanjaro kabla mimi sijajua kuhesabu pointi. Nenda ukamtazame, tena si mara moja. Mtazame akishinda, mtazame akishindwa, kisha uniambie: yuko tayari, au bado?

Usinivishe kilemba cha ukoka. Kama hafai, sema hafai.

Na usimwambie kuwa nimekutuma. Akijua anapimwa, atakuchezea wewe badala ya kucheza mchezo wake.

Mdogo wako,
Elihuruma


Crystal, 19 Februari 1995

Mdogo wangu Elihuruma,

Marahaba. Barua yako nilikuja kuikuta nimetoka zamu ya hospitali huko Maplewood, barabara zote barafu, nikaisoma nikiwa bado na koti mwilini. Kwanza nilikasirika. Nani anatumwa kumpeleleza mtoto wake mwenyewe? Kisha nikaona kwamba sijawahi kwenda kumtazama, hata mara moja, miaka yote hii aliyokaa hapa Minneapolis, mwendo mfupi tu kutoka kwangu. Kazi, baridi, uchovu, sababu hazikosekani. Basi nikaenda.

Wakati wa baridi huku wanacheza ndani, katika jengo kama ghala la kahawa, taa nyeupe juu, mpira ukipigwa unalia kama mlango uliobamizwa. Nilikaa viti vya juu kabisa. Akaniona. Akapanda ngazi mbio.

"Shangazi! Umepotea njia?"

"Nimekuja kuota moto," nikamwambia.

Akacheka, akanikumbatia na jasho lake lote.

Sasa nikuambie nilichokiona. Pigo lake la mkono wa mbele, Elihuruma, sijaliona kwa msichana wa umri wake. Haukimbilii mpira. Anauacha umfikie, mpaka unadhani amechelewa, ndipo anaupeleka anakotaka. Miguu yake haichoki. Alicheza na msichana kutoka Wisconsin anayempita kwa kichwa kizima, akamkimbiza uwanja mzima kama kuku wa Krismasi.

Lakini kuna kitu. Alipokuwa anaongoza seti ya pili akapunguza. Mpigo wake wa kuanzisha, uliokuwa mkali, ukawa wa kubembeleza. Seti ikamponyoka. Ya tatu akaishinda kwa akili tu. Wiki iliyofuata nikarudi, ikawa vile vile. Sijui ni nini. Labda akiuona ushindi karibu anauogopa. Wako watu wa namna hiyo, nimecheza nao. Nipe muda.

Nilimrudisha chuoni kwa gari langu. "Baba angekuwepo," akasema, "angesema nimechelewa kwenda wavuni."

"Na kweli umechelewa."

"Nyinyi ndugu wawili!" akasema, akageukia dirishani akitabasamu.

Dada yako,
Ernestina


Minneapolis, 5 Machi 1995

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo.

Sijui kama Shangazi amewaambia: siku hizi anakuja kunitazama! Anakuja na koti lake refu la buluu na chupa ya chai, anakaa juu kabisa peke yake, hapigi kelele, hapigi makofi ovyo. Baba, wenzangu wazazi wao wanaendesha kutoka Iowa huko na makopo ya biskuti, wanaita majina yao. Mimi nilikuwa nimezoea kutokuwa na mtu. Sasa kabla sijapiga mpira wa kwanza namtafuta kwa macho. Nikiona lile koti, mwili wote unatulia.

Hujanijibu. Kocha Margaret anasema hajawahi kunifundisha nikicheza vizuri kama sasa. Wakala anataka jibu kabla ya mwisho wa msimu. Najua unaniona nina haraka, na najua utasema chuo kwanza. Ningeweza kukueleza ningekueleza. Nikuombe tu uamini kwamba mwaka mmoja kwangu ni mrefu kuliko unavyodhani.

Afya yangu ni nzuri kabisa, msiwe na wasiwasi.

Binti yako,
Tulia


Crystal, 9 Aprili 1995

Elihuruma,

Nimemtazama vya kutosha. Jibu langu ni bado.

Mikono na miguu anayo. Kilichopungua ni moyo. Mchezaji wa kulipwa hana timu ya kumshika mkono, na Tulia akikaribia kushinda moyo unarudi nyuma. Hilo halifundishiki kwa miezi miwili. Amalize chuo kwanza.

Tafadhali usiniulize zaidi ya hapa, na maneno haya yabaki kwako.

Nimechoka leo. Nisalimie mama Tulia.

Ernestina


Minneapolis, 7 Mei 1995

Shangazi,

Shikamoo. Simu zako nilizisikia zikilia, sikutaka kupokea. Nakuandikia kwa sababu kwa sauti ningesema maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake.

Baba amenikataza. Na ili nielewe, amenipa maneno yako: "Shangazi yako, niliyemwomba akutazame kwa niaba yangu, anaona moyo wako unarudi nyuma." Kwa niaba yake. Kumbe lile koti la buluu lilitumwa. Mimi nikadhani umekuja kwa ajili yangu.

Hilo lingeniuma likapita. Linalobaki ni jingine.

Siku ile ya Machi uliingia chumba cha kubadilishia nguo, ukanikuta nimekaa chini na barafu begani, fulana imenishinda kuvua. Sikukuambia kitu. Wewe muuguzi, uligusa bega kwa vidole viwili, ukauliza, "Wanakuchoma sindano?" Nikakwambia ndiyo, za kutuliza maumivu, daktari wa nje ya chuo, na Kocha hajui. Nikakuomba usimwambie Baba. Ukaniahidi.

Na ahadi umeitunza! Bega hukulitaja. Umeniita mwoga badala yake.

Unajua kwa nini napunguza nikiongoza. Kwa sababu mkono hauinuki. Kwa sababu nabakiza mipigo michache niitumie seti ya tatu. Nimeshinda msimu mzima hivyo, nikihesabu ni mara ngapi naweza kuumia kabla ya kumaliza. Huo ndio moyo unaorudi nyuma?

Na unajua kwa nini siwezi kungoja. Ulisikia mwenyewe nilivyokueleza: kano za bega zinachanika. Zikishonwa, huenda mkono usirudi kama ulivyokuwa. Zisiposhonwa, nina msimu huu, labda. Ningekuwa na miaka mitano mbele yangu ningesoma kwanza kama mnavyotaka. Sina. Baba angenikataza kwa sababu ya kweli, ningelia, ningeelewa. Amenikataza kwa sababu ya uongo, na sasa ataishi akiamini kwamba alizaa mtoto anayekimbia ushindi.

Labda ulinipima kwa maisha yako. Wewe uliacha tenisi, basi na mimi niache.

Tulia


Crystal, 10 Mei 1995

Tulia mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma ndani ya gari, hapa hospitali, nikachelewa kuingia kazini.

Ni kweli baba yako alinituma. Ni kweli pia kwamba baada ya mara ya pili ningekuja hata asingenituma. Lakini hilo huna sababu ya kuliamini leo.

Kuhusu maneno yale, sina la kujitetea. Nilitaka uache kabla hujaumia vibaya, na nilitaka kutunza ahadi. Nikatafuta uongo utakaofanya yote mawili. Nikachagua ule ambao mimi haungeniuma. Nisamehe. Nimewaangalia watu wenye maumivu miaka ishirini, najua jinsi mtu anavyokuwa anapoyabeba bila kulia. Nilipokuona ukimpa mwamuzi tabasamu huku huwezi kuchana nywele zako, nilijua nimemwona mtu jasiri. Kisha nikaenda nyumbani, nikaandika kinyume chake.

Ila moja si kweli. Mimi sikuacha tenisi. Nilipokuwa na umri wako timu ilipelekwa Nairobi, wanaume watupu. Baadhi yao nilikuwa nimewashinda mbele ya watu. Nilibaki Moshi kuwafulia sare. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama niko tayari, Tulia, si mzazi, si mwalimu. Baba yako aliponiuliza juu yako nilifurahi kupita kiasi kwamba mtu ameniuliza jambo la tenisi. Nikasahau kwamba swali lilikuwa lako.

Basi haya ndiyo niliyopaswa kuandika. Mchezo wako uko tayari. Ungeniuliza Februari ningesema hivyo hivyo. Moyo wako umepita kuwa tayari, umeanza kula mwili. Bega haliko tayari wala halitakuwa. Kama muuguzi nasema lishonwe kesho. Kama mtu aliyewahi kucheza, sijui, na sikuwa na haki ya kuificha "sijui" yangu ndani ya neno "bado".

Mwambie baba yako mwenyewe. Ile ahadi nakurudishia, sitaki kuishika tena. Mimi namwandikia usiku wa leo, nikanushe niliyosema. La bega nitakuachia wewe.

Shangazi yako,
Ernestina


Moshi, 2 Juni 1995

Mwanangu Tulia,

Barua yako na ya shangazi yako zimefika siku moja. Ya kwako, ya habari za bega, niliifungua kwanza. Mama yako alinikuta nimesimama uani, akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana. "Basi kaa chini," akasema, "usinitishe." Nikakaa, nikamsomea.

Nianze na kosa langu. Nilitaka jibu la neno moja, nikamtuma dada yangu akuzunguke kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Ningekuuliza wewe, "Una nini?", labda ungeniambia. Labda usingeniambia. Lakini sikuuliza. Nilikuandikia kwamba moyo wako unarudi nyuma, na wewe uliyasoma maneno hayo kwa mwandiko wangu. Siwezi kuyafuta. Naomba uweke na haya karibu yake: nimekosea.

Mama yako anasema usiende. Anasema mkono ni wa kuandikia, wa kusukia nywele, wa kubebea mtoto, kabla haujawa wa tenisi, na kwamba hakuna kikombe kinachostahili mkono wa mwanawe. Nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu ana haki ya kusikiwa. Alikuwa analia akisema.

Mimi nilikaa na jambo hili mpaka walimu wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Nilitaka kukataa. Kisha nikajiuliza, nakataa nini hasa? Usiumie? Umeshaumia. Nilikuwa nakataa kwa sababu sikujulishwa.

Kwa hiyo amua wewe. Ukichagua upasuaji, nitashukuru Mungu. Ukichagua kwenda, nitashukuru pia, kwa shida zaidi. Ila naomba mambo haya. Kocha Margaret aambiwe yote kabla hujatia saini popote. Sindano ziishe, ucheze na bega ulilo nalo. Na siku mkono utakapokataa, uache hapo hapo, hata kama unaongoza. Hilo niahidi kwa maandishi.

Baba yako,
Elihuruma


Illinois, 13 Julai 1995

Baba na Mama,

Shikamooni. Kadi hii ni ndogo, nitabana mwandiko.

Nimetia saini kwa wakala, na nimepita mchujo wa mashindano! Bila sindano. Kocha Margaret alilia nilipomwambia, kisha akakasirika, kisha akanifundisha namna ya kuanzisha mpira bila kuinua mkono sana. Mji huu ni mdogo, uwanja umepakana na shamba la mahindi, watazamaji wachache, mmoja ana mbwa anayelala seti nzima. Mwamuzi akiita jina langu analikosea, nami nageuka hata hivyo.

Shangazi amechukua likizo, ameniendesha mpaka huku na sufuria ya pilau kwenye kiti cha nyuma. Hatujasema mengi. Anakaa juu kabisa.

Kesho raundi ya kwanza hasa, na msichana wa Kicheki. Baba, ahadi naikumbuka. Mama, usiache kuniombea, hata kama bado umekasirika.

Tulia


Crystal, 6 Agosti 1995

Mdogo wangu Elihuruma,

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba ameshindwa kuendelea na kwamba yuko salama. Simu ile ilikuwa inakatika, na mengine sikuweza kuyasema nikiisikia pumzi yako. Nakuandikia sasa kama ilivyokuwa.

Seti ya kwanza aliichukua. Alicheza, Elihuruma, nilivyokuwa nikiona nikifumba macho miaka ile. Yule Mcheki ni mchezaji kweli, ameshacheza Ulaya nzima, na mara mbili nilimwona akimtazama kocha wake akiinua mabega, hajui afanye nini. Seti ya pili Tulia akaongoza tena. Ndipo akapiga mpigo wa kuanzisha ambao sikumwona akiupiga hata Februari. Mkono ulipanda juu wote. Mpira ukapita, mwenzake hakusogea. Nilisimama kupiga makofi.

Tulia hakusogea pia. Mkono ulikuwa umening'inia. Akahamishia raketi mkono wa kushoto, akakaa hivyo akiutazama mstari mbele ya miguu yake. Kisha akatembea mpaka wavuni. Mcheki alidhani anaomba kubadilishiwa mpira. Tulia akampa mkono wa kushoto.

Mwamuzi akainama kutoka kitini. "Unataka mapumziko? Daktari?"

"Hapana," akasema. "Nimemaliza."

Watu hawakuelewa. Alikuwa anaongoza. Mtu mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba yule msichana ameogopa. Niligeuka nimjibu, nikakumbuka ni nani aliyeyaandika maneno hayo kabla yake. Nikageuka mbele, nikashuka kumbebea mifuko.

Tuliendesha siku nzima kurudi. Katikati ya Wisconsin akasema, "Shangazi, ule wa mwisho uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

"Hakuna mtu wa kuurudisha."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala mpaka tulipoingia Saint Paul.

Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Daktari amerudi kwetu na uso mzuri. Mkono utainuka, ataandika, atabeba mtoto. Mwambie mama Tulia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nilipomuuliza juu ya tenisi alitikisa kichwa, akasema ya kufurahisha mwili, sawa. Chuo hakiwezi kumrudishia ufadhili. Wakala hajapiga simu. Tulia atakaa kwangu, chumba cha nyuma, atapanda basi kwenda darasani, na atachukua masomo machache machache mpaka amalize. Hilo amelisema yeye, sikumsukuma. Jana alilia sana. Leo asubuhi ameomba uji, akanywa wote.

Kitu kimoja nilitaka ukijue. Walikuwa wamemlaza kitandani kabla ya kumwingiza, nami nimeshika mkono wake wa kushoto. Muuguzi wa dawa ya usingizi, kijana ambaye mimi hanijui, alikuwa akimwongelesha ili asiogope: umetoka wapi, huko kuna joto kama hili, unafanya kazi gani? Nilifungua mdomo nimjibie kwamba ni mwanafunzi.

"Ni mchezaji wa tenisi," Tulia akasema. "Wa kulipwa."

"Kweli? Hodari?"

Dawa ilikuwa imeanza kuingia. Tulia alinigeuzia macho, yakiwa mazito tayari, akaningoja mimi.

"Hodari sana," nikasema.

Sijui kama alinisikia. Walimsukuma, mlango ukafunguka, nikabaki pale ukumbini na viatu vyake mkononi.

Dada yako,
Ernestina